Uzoefu wangu na programu za Kiwelshi: zipi zinafaa kweli na zipi zinakupotezea muda

Kabla hujaniuliza Kiwelshi cha nini wakati Wales nzima watu wanajua Kiingereza, njoo ufanye shifti moja ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee huku Gwynedd, kaskazini. Mzee akishapata ugonjwa wa kusahau mara nyingi Kiingereza ndo kinaanza kuondoka, kinabaki kile alicholelewa nacho kwao, na huku watu wamelelewa na Kiwelshi. Kwa sensa ya 2021 wanaokizungumza Wales nzima ni kama watu 538,000, asilimia 17.8, ila hapa Gwynedd wanapita asilimia 60, yaani dukani, kituo cha basi, kanisani ni hicho hicho. Kwahiyo mimi Mtanzania mwenye Kiswahili changu na Kiingereza cha kuombea viza ikabidi nikae chini nikisome, na kwa vile darasa na shifti za usiku haviivi chungu kimoja nimekisoma zaidi kwa simu na laptopu. Naeleza hapa vile vitu nilivyovitumia mpaka nikavizoea, vingine nimegusa tu sitavisema.

Ninachokipenda kuliko vyote kinaitwa Cysill. Ile ll ya mwisho sijui hata niwaandikie vipi, ni kama unapuliza hewa pembeni ya ulimi. Ni kikagua maandishi, kimetengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Bangor hapa hapa jirani, kwenye kituo chao cha Canolfan Bedwyr, na ipo ya bure mtandaoni, unabandika maandishi yako inakuonyesha makosa. Sasa mtu atasema hata simu yangu inasahihisha tahajia, cha ajabu nini? Ajabu ni hivi: Kiwelshi kina kitu wanaita treiglad, herufi ya kwanza ya neno inabadilika kutegemea neno lililotangulia. Paka ni cath. Paka wangu, fy nghath i. Paka wako, dy gath di. Paka wake, kama mwenyewe ni mwanaume unasema ei gath o, kama ni mwanamke ei chath hi. Paka ni yule yule, kwenye karatasi ana sura nne. Sisi tuliolelewa na ngeli neno kubadilika mwanzoni halitutishi, mtoto wa chekechea anasema kitabu vitabu bila kufikiri, ila kwa kompyuta hii ni kazi ngumu kwelikweli maana gath na chath zote mbili ni tahajia sahihi, kosa lipo kwenye kulitumia mahali sipo. Kikagua tahajia cha kawaida kitazipitisha zote. Cysill inaangalia sentensi, inakwambia hapa baada ya dy panatakiwa treiglad laini, na inakupa sababu. Hiyo sababu ndo imenifundisha lugha kuliko kitabu chochote nilichonunua, kwa sababu inanijia pale pale nilipokosea, kwenye sentensi yangu mwenyewe ya kumwandikia binti wa mzee kwamba mama ameamka vizuri leo na amekula uji. (Angalizo kwa wenzangu wa kazi hii: majina ya wazee na habari za dawa usibandike kwenye programu yoyote ya mtandaoni, hata iwe nzuri vipi. Mimi naandika "yeye" basi.)

Hao hao Bangor wana kamusi ya simu, Ap Geiriaduron, nayo ni bure na ukishaipakua haihitaji bando. Ukitafuta nghath kwenye kamusi ya kawaida ya karatasi hupati kitu, lazima ujue kwanza kwamba mzizi wake ni cath, sasa mgeni atajulia wapi? Hii ya simu unaandika neno kama ulivyolisikia au ulivyoliona kwenye ubao inakupeleka mpaka kwenye neno lenyewe. Naipa alama zote, sina la kuongeza.

Kwenye kuandika ndo utaona lugha ndogo inavyoonewa kwenye vitu vya kijinga kabisa. Kiwelshi kina w na y zenye kofia, ŵ na ŷ, maji ni dŵr, nyumba ni tŷ. Meseji ya kawaida ya simu inabeba herufi 160, lakini ukiweka ŵ moja tu nafasi inashuka mpaka 70, kwa sababu wale waliopanga orodha ya herufi za meseji enzi hizo waliweka é ya Wafaransa na ü ya Wajerumani na hizi za Kiwelshi hawakuziweka, kwahiyo ujumbe mzima unahamishiwa kwenye mfumo mwingine unaokula nafasi. Yaani ukiandika sahihi unalipia meseji mbili au tatu, ukiandika vibaya unalipia moja. Watu wanafanya nini? Wanaacha kofia. Na maandishi hayo yasiyo na kofia ndo baadae yanakusanywa kufundishia mashine. Kiswahili hapa tumebahatika tu, herufi zetu zote zimo kwenye kibodi ya Mwingereza.

Haya tuje kwenye sauti, hapa ndo pana maumivu. Sebuleni kwetu familia moja ilileta kile kispika cha kuongea nacho, unakiamuru kipige muziki au kikwambie saa, kampuni siitaji. Bibi mmoja alikipenda kwa sababu kinawaka taa akisogea. Anakiuliza hali ya hewa kwa Kiwelshi safi kabisa, mara anapigiwa wimbo wa Kiingereza, mara anaambiwa samahani sijakuelewa. Akanigeukia akaniuliza huyu ametokea wapi. Akili yote hiyo ndani ya kispika na bibi aliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo ndo anaonekana hajui kuongea! Nilikitoa nikakiweka ofisini. Badala yake kwenye tableti ya zamani nikaweka Macsen, hii ni programu ya sauti ya Kiwelshi kitupu, nayo ni ya Bangor. Usitegemee mazungumzo marefu, ina aina zake za maswali, habari, hali ya hewa, saa, muziki, ukishajua inachojua mnaelewana. Kwa mtu anayetaka tu kujua kama kesho kutanyesha (kutanyesha, hii ni Wales) inatosha.

Kwanini makampuni makubwa hayaweki Kiwelshi? Sababu inayotolewa kila siku ni data, kwamba hakuna sauti za kutosha za kufundishia. Ndo nikaingia Common Voice ya Mozilla, ambayo sio programu ya kutumia bali ya kuchangia, unasoma sentensi tano tano mashine inarekodi, au unasikiliza za wenzako unasema hii sawa hii hapana, na kila rekodi lazima watu wawili waikubali ndo ipite. Zikishapita zinawekwa wazi, mtu yeyote anachukua bure bila kuomba leseni. Kiwelshi kilikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa baada ya Kiingereza, Juni 2018, pamoja na Kifaransa na Kijerumani, hebu fikiria nusu milioni ya watu wamepanga foleni moja na Wajerumani. Kuna mwenzangu wa Mombasa tunafanya naye kazi, aliponikuta nimejifungia stoo ya mashuka narekodi akacheka mpaka akakaa: "Dada, wewe waifundisha mashine Kiwelshi na jana tu ulikuwa wauliza chumvi yaitwaje?" Nikamwambia sasa mashine ikizoea Wawelshi watupu siku nikiongea mimi si itaniambia samahani sijakuelewa? Lafudhi yangu nayo inahesabiwa, kwenye fomu pana sehemu ya kueleza unatamka kama mtu wa wapi.

Mwanzoni ile habari ya watu wawili kuikubali kila rekodi niliona ni kujichelewesha. Kisha nikasoma kilichowapata kampuni ya OpenAI na mfumo wao wa Whisper wa mwaka 2022, ule wa kugeuza sauti kuwa maandishi, wenyewe wameandika kwenye ripoti yao. Walikusanya sauti kutoka mtandaoni kwa wingi, kwenye fungu la kutafsiri Kiwelshi wakaona wana saa 9,000, nyingi kweli, lakini matokeo mabovu kuliko walivyotegemea. Kwenda kuangalia, sehemu kubwa ya hicho "Kiwelshi" ni Kiingereza! Mashine inayotambua lugha ilikosea ikabandika jina la Kiwelshi juu ya watu wanaoongea Kiingereza. Saa 9,000 na hakuna mtu mmoja wa Caernarfon, mji wa huku kwetu Gwynedd, aliyeulizwa jamani hii ni lugha yenu? Tangu hapo zile kura mbili naziheshimu, na nikipewa za kusikiliza sibonyezi bonyezi tu.

Wanasiasa nao walishaliongea hili. Watafiti wa META-NET, mtandao wa Ulaya wa teknolojia ya lugha, mwaka 2012 walipima lugha 30 za Ulaya wakasema 21 kati ya hizo ziko kwenye hatari ya kufa kidijitali, na Bunge la Ulaya tarehe 11 Septemba 2018 likapitisha azimio la usawa wa lugha kwenye zama hizi kwa kura 592 za ndiyo na 45 za hapana. Aliyeliandaa ni Jill Evans, aliyekuwa mbunge wa Wales kwenye bunge hilo. Mwaka mmoja na miezi kadhaa mbele, Januari 2020, Uingereza ikatoka Umoja wa Ulaya na Wales ikatoka nayo, kwahiyo aliyepika hakukaa mezani. Kinachofanya Cysill na kamusi viwe bure sio lile azimio, ni hela ya Serikali ya Wales ambayo imejiwekea lengo la wazungumzaji milioni moja ifikapo 2050, na mwaka huo huo 2018 walitoa mpango wao wa teknolojia ya Kiwelshi.

Hapo ndo roho inaniuma kidogo. Kiswahili na Kiwelshi viliingia Google Translate pamoja, Agosti 2009, kundi moja. UNESCO inasema Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Lakini kikagua sentensi cha Kiswahili kinachoniambia hapa umekosea upatanisho wa ngeli na sababu ni hii, cha bure, mimi sijakutana nacho, na hawa watu nusu milioni wanacho. Tusijidanganye kwamba tukiwa wengi makampuni yatakuja yenyewe. Kwenye sauti angalau kwetu pana cha kujivunia, Kinyarwanda kina zaidi ya saa 2,000 Common Voice, kimeziacha lugha nyingi za Ulaya mbali sana, na Kiswahili nacho kimo, nikimaliza za Kiwelshi nahamia huko naongea bila kujing'ata ulimi.

Kingine sijakitumia mimi ila kwa wauguzi ni muhimu kukijua, kinaitwa Lleisiwr. Ni kwa mgonjwa anayeelekea kupoteza sauti, labda saratani ya koo au ugonjwa wa neva za misuli, anarekodi sentensi mapema kisha anatengenezewa sauti ya kompyuta inayofanana na yake, kwa Kiwelshi na Kiingereza. Kama una mgonjwa wa namna hiyo muulize mapema, usisubiri mpaka sauti imeshakwaruza.

Kwa anayekuja huku kwenye kazi hizi: kamusi ya Ap Geiriaduron ipakue kabla hujapanda ndege, Cysill ihifadhi kwenye kivinjari cha laptopu, na ukishafika ulizia ile beji ya rangi ya chungwa ya wanaoongea Kiwelshi kazini, ipo mpaka ya wanaojifunza, ukiivaa wazee watakuanza wao.