Godzilla ya Stern: Pinboli Ambayo Vikorombwezo Vyake Vina Kazi

Mashine ya pinboli ya Godzilla, yenye jina la zimwi mashuhuri la filamu za Kijapani, iliyotolewa na kampuni ya Stern Pinball mnamo Septemba 2021, si mpya tena kwa hesabu ya kalenda, lakini kila mashine mpya inayotoka bado hupimwa kwayo. Jaws ilipotoka mwaka 2024, na King Kong mwaka 2025, wapenzi wa mchezo huu waliuliza swali lile lile: je, inaifikia Godzilla? Swali hilo lina ladha yake ya pekee, kwa sababu zote tatu ni kazi ya mbunifu mmoja, Keith Elwin, ambaye sasa analazimika kushindana na kivuli chake mwenyewe. Kwa maoni yangu hajakishinda. Godzilla imefanikiwa kuweka ndani ya kabati moja shule mbili za ubunifu ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa haziwezi kukaa pamoja.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wameijua pinboli kupitia ule mchezo wa anga uliokuja na Windows XP, ambao ulichezwa sana kwenye kompyuta za ofisini mkubwa akiwa hayupo. Kanuni ni zile zile: gololi hushuka kwenye uwanja ulioinama, nawe unaizuia isizame kwa kuipiga na flipa, yaani vipigo viwili vilivyo chini vinavyoendeshwa kwa vitufe. Kisichopatikana kwenye kompyuta ni uzito. Gololi ya kweli ni ya chuma, ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa takribani gramu 80, na mchezaji aliyezoea huisikia mikononi kupitia kabati lenyewe, hata akajua kabla ya kuangalia kama imegonga ukanda wa mpira wa pembeni au nguzo ya chuma.

Tukirudi kwenye shule hizo mbili, ya kwanza ni ya kasi. Kiongozi wake anayetajwa zaidi ni Steve Ritchie, aliyebuni High Speed mwaka 1986, ambaye kwake shuti zuri ni lile linaloipandisha gololi kwenye rampu, yaani njia iliyoinuka, na kuirudisha moja kwa moja kwenye flipa, ikiwa bado na mbio, tayari kwa shuti jingine. Ya pili ni ya Pat Lawlor, aliyebuni The Addams Family ya mwaka 1992, mashine iliyouzwa zaidi ya 20,000, idadi ambayo katika biashara hii haisikiki tena. Lawlor hupenda gololi isimame, imezwe na kitu fulani, itokee mahali pengine, na mchezaji apate nafasi ya kufikiri. Shule ya kwanza hulaumiwa kwamba mashine zake ni tupu, za kukimbiza gololi na basi. Ya pili hulaumiwa kwamba vikorombwezo vyake, yaani vitu vya kuchezea vilivyopachikwa uwanjani, hukatiza mchezo, na baada ya wiki kadhaa, mshangao ukiisha, hubaki kuwa vizuizi vinavyochukua nafasi.

Elwin aliingia katika ubunifu akitokea upande wa wachezaji. Alikuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja kabla ya Stern kumwajiri, na mashine yake ya kwanza kwao, Iron Maiden ya mwaka 2018, ilitokana na uwanja aliokuwa ameujenga mwenyewe nyumbani. Hilo linaonekana katika Godzilla. Mashuti yake ni mengi na yamepishana kwa karibu sana, lakini hakuna hata moja linalojisikia kama limebanwa ili lipate mahali. Rampu hukabidhi gololi kwa flipa kwa ulaini, njia za mzunguko hupitika kwa haraka, na ukikosa shuti kidogo tu, gololi hurudi kwa namna ambayo mchezaji makini anaweza kuiokoa. Adhabu ipo, lakini ni ya haki. Wachezaji wa mashindano hulithamini jambo hili kuliko picha na taa zote, kwani mashine inayoua gololi iliyopigwa vizuri huchosha upesi.

Sasa tulitazame jengo, kwa sababu ndilo lililoijengea mashine hii jina. Katika toleo la Premium, lililo kati ya lile la bei nafuu la Pro na lile maalumu, jengo la ghorofa kadhaa limesimama upande wa juu wa uwanja, nalo huendeshwa kwa mota. Ukiligonga mara za kutosha, ghorofa hushuka, si kwa kuporomoka ghafula bali kwa mshtuko mfupi wenye mlio wa chuma, na jengo lililokuwa refu linabaki fupi mbele ya macho yako. Gololi unazozifungia humo hubaki ndani, na unapofika wakati wa gololi nyingi kuchezwa kwa pamoja, jengo huzimwaga uwanjani. Ngome inayolipuka ya Medieval Madness, iliyobuniwa na Brian Eddy mwaka 1997, ilifurahisha kwa njia inayofanana na hii, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kipimo cha kikorombwezo bora. Tofauti ni kwamba ngome ile ilikuwa lengo moja kubwa katikati: unaipiga, inaanguka, unashangilia. Jengo la Elwin, kwa upande wake, ni lengo, ni ghala la gololi, na ni saa inayokuonyesha umefika wapi, bila wewe kuinua macho kutazama skrini. Mchezaji hapunguzi kasi ili alihudumie, hulipiga akiwa katikati ya mbio zake.

Daraja halikunivutia kiasi hicho. Katika Premium, gololi ikipita juu yake kwa wakati uliowekwa, daraja hukatika na kuiangusha, jambo linalopendeza mara za mwanzo na kumfurahisha mgeni anayetazama kando. Hata hivyo ni tukio zaidi kuliko uamuzi, kwani mchezaji hafanyi chochote tofauti kwa sababu ya daraja kukatika. Afadhali sumaku inayoidaka gololi ikiwa mbioni na kuituliza karibu na flipa ya juu, kwa kuwa hiyo humpa mchezaji uchaguzi wa kweli: kuendelea na mbio au kusimama na kulenga.

Kuhusu kanuni za mchezo, zilizoandikwa katika programu ya mashine chini ya Rick Naegele, mtu anayecheza kwa mara ya kwanza ataelewa kwamba yeye ndiye Godzilla na kwamba kazi yake ni kubomoa mji, na hilo litamtosha kwa jioni nzima. Vifaru vya kivita vipo, treni ipo, na kila kitu kikibomolewa kuna alama. Anayerudi tena na tena ataanza kuona mpangilio ulio chini yake: pambano na mazimwi wengine wa filamu hizo, Ebirah au Titanosaurus kwanza, kisha Gigan na Megalon, washirika kama Rodan na Anguirus ambao kila mmoja huleta msaada wa aina yake, na hesabu ya lini inafaa kuanzisha pambano huku Mechagodzilla, mfano wa Godzilla wa chuma, akiwa karibu kuachia gololi zake. Ugumu wa mashine nyingi za kisasa ni kwamba kanuni zake husomwa kwenye karatasi kama sheria za kodi. Hapa kanuni zimefuata hadithi, na hadithi yenyewe ni rahisi.

Programu hiyo imeendelea kuboreshwa baada ya mashine kutoka, na jambo hili limebadilisha kabisa namna ya kutathmini toleo jipya. Godzilla ilitoka pamoja na huduma ya Stern ya Insider Connected, ambayo mchezaji husoma msimbo wa QR kwa simu yake, na matokeo yake huhifadhiwa popote anapocheza. Mashine siku hizi huuzwa programu yake ikiwa haijakamilika, na hukumu inayotolewa mwezi wa kwanza ni hukumu juu ya umbo la uwanja tu. Wanaofahamu husubiri. Umbo baya haliokolewi na programu, lakini umbo zuri linaweza kukaa mwaka mzima likionekana la kawaida kwa sababu kanuni bado ni nyembamba.

Michoro ni ya Jeremy Packer, ajulikanaye zaidi kwa jina la Zombie Yeti, na inafanana na mabango ya filamu za zamani za Kijapani bila kuyaiga kitumwa. Skrini huonyesha vipande vya filamu za Toho, kampuni ya Kijapani iliyomzaa Godzilla, za enzi za waigizaji waliovaa mavazi ya mpira, mapambano yakiwa na vumbi na moshi wa kutosha. Wimbo wa Blue Öyster Cult uitwao kwa jina la mnyama huyo umo pia, na sijaona mtu akiuzima.

Onyo moja kabla ya kutoa hukumu juu ya mashine hii au nyingine yoyote: chunguza ile uliyoichezea. Nilipata kuicheza katika baa moja ambako miguu ya nyuma ilikuwa imeshushwa mno, gololi ikawa inaelea kana kwamba iko majini, na flipa ya kushoto ilikuwa imelegea kiasi kwamba rampu haikufikika kabisa. Anayekutana na Godzilla katika hali hiyo ataondoka akiamini kwamba watu wametiwa kasumba. Uwanja unatakiwa kuinama takribani nyuzi 6.5, na tofauti ndogo tu ya hapo hugeuza mchezo mzima.

Bei ndiyo inayouma. Ilipotoka, toleo la Pro liliuzwa chini kidogo ya dola 7,000, Premium ikakaribia 9,000, na toleo maalumu lenye idadi ya 1,000 tu likapita 10,000. Kwa kawaida humshauri mnunuzi achukue Pro ya mashine yoyote, kwani uwanja huwa ni karibu ule ule na matengenezo ni machache. Kwa Godzilla ushauri huo haufai. Jengo la Pro limesimama tu, halishuki, na kwa kuwa halishuki mashine inapoteza kile kiungo kinachozifungamanisha shule mbili nilizozitaja. Kinachobaki ni mashine nzuri ya kasi, kama zilivyo nyingine kadhaa za Elwin. Mwenye baa anayetegemea sarafu za wapita njia anaweza kuridhika na Pro, na mota moja pungufu ni hitilafu moja pungufu. Anayenunua kwa ajili ya nyumbani aikusanyie Premium, hata kama itamchukua muda zaidi. Toleo maalumu linatofautiana na Premium hasa kwa mapambo na namba iliyobandikwa, na sioni sababu ya anayekusudia kuicheza, si kuitazama, kulipa nyongeza hiyo.