Neti ya safari ya pembe nne yenye dawa: nimeitumia sana, haya ndo maoni yangu

Kama unaenda nchi ya Afrika yenye joto na mvua nyingi na unajiuliza nini kiingie kwenye begi kwanza, mimi nakwambia neti. Sio neti yoyote lakini, naongelea ile ya safari ya pembe nne iliyowekwa dawa kiwandani, ukiikunja inakuwa kifurushi kidogo cha kushika kwa mkono mmoja na inakuja na kamba zake. Nimelala nayo gesti, nimelala nayo kwa watu, na hata chumba kikiwa na neti tayari natoa yangu, maana neti nyingi za vyumbani ukizinyanyua kwenye taa unaona tundu hapa, tundu kule, na mbu hahitaji mlango.

Kilichonifanya niipende hii kuliko zile za mviringo ni nafasi. Ya mviringo inapendeza kwa macho, ila inakubana, ukigeuka usingizini mkono unaegemea kitambaa, na mbu anatua kwa nje tu anachomeka mdomo wake kwenye kitundu palepale ngozi ilipogusa, umelala ndani ya neti na bado umeng'atwa. Ya pembe nne inasimama wima kama chumba kidogo, hugusi ukuta wake. Na ile dawa, ambayo ni permethrini au deltamethrini kutegemea aina, inamwingia mbu kupitia miguu akitua, kwa hiyo neti haimzuii tu, inamuua. Asubuhi unawakuta chini pembeni ya kitanda wamekauka.

Sasa kasoro. Pindo la chini fupi jamani! Kwenye kitanda chenye godoro nene halifiki vizuri pa kuchomekea, unachomeka upande huu upande wa pili unachomoka, na neti isiyochomekwa ni pambo tu. Kamba nazo fupi, beba za ziada kwa sababu si kila chumba kina misumari mahali unapotaka. Pia siku za mwanzo ikiwa mpya kabisa inaweza kuwasha usoni kidogo, itundike kivulini siku nzima kabla hujalalia, inatulia. Kwa hayo nimeipa nyota nne.

Kuhusu kufua, hapa wengi wanaiharibu wenyewe. Sabuni ya kawaida na maji ya baridi, usisugue kwa nguvu, usitie dawa ya kung'arisha nguo, anika kivulini maana jua linaila ile dawa. Zile za dawa ya kudumu zimetengenezwa zistahimili kufuliwa kama mara 20, kwa hiyo usiifue kila wiki kama shuka. Na maji ya kufulia usimwage mtoni wala ziwani, dawa hii inaua samaki.

Ila nisikudanganye, neti ni ya usiku. Mbu wa malaria anauma kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri, sawa, lakini wa dengi na homa ya manjano ni mwingine kabisa na anauma mchana kweupe ukiwa umekaa unakunywa chai zako, huyo dawa yake ni nguo ndefu na mafuta ya kujipaka yenye DEET, yaani kemikali ya kufukuza mbu (ukipaka na ya kukinga jua, ya jua yatangulie), na chanjo ya homa ya manjano uchome angalau siku 10 kabla ya safari. Vidonge vya kukinga malaria pia neti haichukui nafasi yake, ongea na daktari mapema, vingine unaendelea kuvimeza wiki nne baada ya kurudi na watu wanaviacha wakishuka tu kwenye ndege. Homa yoyote ukiwa huko au miezi ya mwanzo baada ya kurudi, kapime malaria siku hiyohiyo na useme ulikuwa wapi, usikae nyumbani unameza vya maumivu.

Ukienda kununua, soma kwenye pakiti kama kweli imewekwa dawa, zipo zisizo na dawa na kwa macho zinafanana kabisa. Rangi chukua nyeupe. Inachafuka haraka, ni kweli, lakini ukimulika tochi kabla ya kulala unamwona yule mbu mmoja aliyeingia na wewe.