Steshenari ya mlango wa bluu njia ya mahakamani Tabora: hapa ndo nilipoisoma hukumu ya kaka yangu

Naandika hii kwa ajili ya watu wa Tabora na wale wanaokuja Tabora kwa mambo ya kesi, maana mtu akitoka mahakamani anakuwa kama kapigwa na rungu, hajui aanzie wapi, na hii steshenari imenisaidia mara mbili kwa mambo ambayo nikisema nilipe thamani yake siwezi. Haina bango. Ukiwa unaelekea mahakamani utaona mwembe, chini yake benchi la mbao, na mlango wa bluu, basi ni hapo. Yupo dada mmoja ndo mwenyewe na kijana wake wa kumsaidia. Kopi sh 100, kuprinti sh 200, kuchapa ukurasa sh 1,000, kubaindi inategemea unene. Picha za pasipoti wanapiga pia ila mi sijawahi kupiga kwake.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Steshenari nyingi ukienda kuprinti unaambiwa leta flashi au tuma kwa wasapu, kama huna basi. Huyu dada unampa namba ya kesi, au hata jina tu la mshtakiwa na mwaka, anaingia TanzLII, ile tovuti ambayo hukumu za mahakama zetu zinawekwa bure mtu yeyote asome, anakutafutia mpaka anaipata, anakuonyesha kwenye kioo kwanza, "ndo hii baba?", ukikubali ndo anaprinti. Kutafuta hakuchaji. Nilimuuliza kwanini, akaniambia watu wanakuja hapa wamelia, siwezi kumchaji mtu kwa kumtafutia karatasi yake mwenyewe.

Mwezi uliopita nilienda na binti yangu, anasoma sheria mwaka wa tatu, alikuwa likizo na kazi yake ya chuo, inahusu viongozi wa siasa kuongelea hukumu ya kesi ya jinai hadharani. Kurasa 26 kuprinti na kubaindi. Foleni ilikuwa kubwa, umeme ulikuwa umekatika, tukakaa kwenye benchi na binti akaanza kunisimulia alichoandika, na walioko kwenye foleni wakawa wanasikiliza, mpaka ikawa mjadala.

Kesi kubwa kwenye kazi yake ni ya Canada. Tarehe 9 Agosti 2016 kijana wa miaka 22, Colten Boushie, mwenyeji wa asili wa kule, wa kabila la Cree, alipigwa risasi akafa kwenye shamba la mkulima Mzungu anaitwa Gerald Stanley, karibu na mji wa Biggar, jimbo la Saskatchewan. Mkulima akasema bunduki ilifyatuka yenyewe. Kesi ikasikilizwa Battleford, na tarehe 9 Februari 2018 baraza la watu 12, raia wa kawaida ambao kule ndo wanaoamua kama mtu ana hatia, likasema hana hatia. Kwenye hao 12 hamkuonekana hata mmoja wa wenyeji wa asili, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu wakili kumkataa mjumbe bila kutaja sababu, na wakili wa utetezi akawakataa wote walioonekana ni wenyeji wa asili. Usiku uleule waziri mkuu Justin Trudeau akaandika kwenye Twitter kuhusu uchungu wa ile familia, na waziri wa sheria Jody Wilson-Raybould, ambaye naye ni mwenyeji wa asili, akaandika kwamba kama nchi tunaweza na lazima tufanye vizuri zaidi. Mawakili wengine wakawajia juu, wakasema waziri wa sheria akiongea vile watu wataona serikali inaisukuma mahakama.

Hapo kijana wa bodaboda aliyekuja kutoa kopi ya leseni akadakia, sasa kama mahakama imekosea waziri akae kimya? Binti akamwambia hapana kaka, sikia kitu kimoja kinachonisumbua mimi, kule baraza haliandiki sababu. Linasema ana hatia au hana, basi, na mjumbe akitoka nje akasimulia walichoongea kwenye chumba chao anakuwa ametenda kosa la jinai. Kwahiyo kiongozi anayeikosoa hukumu ile anakosoa neno tupu, hajui wale 12 walimwamini nani na walitilia shaka kitu gani. Lakini kwetu jaji anaandika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka aandike mambo yaliyobishaniwa, uamuzi, na sababu za uamuzi. Kwahiyo kiongozi wa kwetu hana kisingizio, akitaka kuongea asome kwanza.

Nilikaa kimya pale kwenye benchi. Nilikuwa namsikia mwanangu anasema kitu ambacho mi nilikijua kwa miaka na sikuwa na maneno yake.

Kaka yangu alishtakiwa kwa kuua. Bibi mmoja kijijini kwetu alikatwa mapanga usiku, mambo yaleyale ya kusema bibi kizee mchawi, ambayo yametuaibisha sana sisi watu wa huku. Kaka alikaa mahabusu miaka minne maana kesi ya mauaji haina dhamana. Mi nililima mashamba mawili, langu na lake. Kesi ilipofika Mahakama Kuu jaji akamwachia huru. Wiki haijaisha, kiongozi mmoja wa siasa akaja kwenye gulio letu, akapanda juu ya meza ya muuza mitumba, akasema tunawakamata wauaji wa bibi zetu na mahakama inawaachia, huyu wa kwenu kijijini mnaye, mnamjua. Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja. Watu waligeuka wakanitazama mimi nikiwa nimeshika mfuko wa chumvi.

Usiku ule nyumba ya kaka ilipigwa mawe, bati mbili zikatoboka. Duka lake la vocha na sabuni likafa ndani ya miezi miwili, hamna mtu aliyemfukuza, walikuwa wanapita tu kama hawalioni. Watoto shuleni wakaitwa watoto wa muuaji. Mahakama ilikuwa imesema hana hatia lakini neno la kwenye meza ya mitumba ndo lililoshika, na lile huwezi kulikatia rufaa mahali popote.

Ndo nikaenda steshenari ya mlango wa bluu mara ya kwanza. Nilikuwa na kikaratasi chenye namba ya kesi nilichopewa na wakili. Nikasalimia, wangaluka mayu, akacheka akaitika, nikamwambia shida yangu. Alitafuta nusu saa maana namba ilikuwa imekosewa tarakimu moja. Ikatoka hukumu ya kurasa 34, kwa Kiingereza, maana ilikuwa kabla ya ile sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mi Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Akampigia simu mwalimu mmoja mstaafu anaishi maeneo ya Isevya, mzee wa watu akaja na miwani yake, akakaa kwenye benchi chini ya mwembe akaanza kunisomea kwa Kiswahili taratibu, na yule dada anachapa zile sehemu za muhimu.

Ukurasa wa 21 naujua mpaka leo. Shahidi mkubwa alikuwa mjukuu wa marehemu, alisema alimtambua kaka kwa mwanga wa tochi. Jaji akaandika kwamba tochi ilikuwa mkononi mwa wauaji, wanammulika yeye usoni. Sasa we ulishawahi kumulikwa tochi usoni usiku? Unaona nini nyuma yake? Huoni kitu, ni weupe tu. Alafu jaji akasema, sungusungu walifika nusu saa baadaye, wakamuuliza yule mjukuu nani wamefanya hivi, akasema siwajui. Jina la kaka lilikuja siku ya tatu. Akaeleza kwamba Mahakama ya Rufani tangu 1980, kwenye kesi ya Waziri Amani, imeshasema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote, lazima uangalie shahidi alimuona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa namna gani, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Na kwenye kesi nyingine ya 2002 ikasema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na anayechelewa bila sababu mahakama imtilie mashaka. Jaji hakumtukana yule mjukuu, aliandika kwamba anaamini aliona kitu cha kutisha na anaamini alikuwa anasema anachodhani ni kweli. Mwalimu aliposoma hapo akavua miwani akanyamaza kidogo. Mi nililia, sioni aibu kusema.

Nilitoa kopi 12 za ile tafsiri. Moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, moja kwa mwalimu mkuu, moja msikitini, moja kanisani, moja kwa familia ya marehemu, hiyo nilipeleka mwenyewe na tulikaa kimya muda mrefu. Moja nikapeleka ofisini kwa yule kiongozi, wakanigongea muhuri wa kupokelewa. Jibu sijapata mpaka leo. Ila mwalimu mkuu aliwasomea wanafunzi ukurasa wa 21 wakiwa mstarini, na watoto wa kaka wakaanza kucheza na wenzao tena.

Sasa turudi kwenye foleni. Yule wa bodaboda hakuridhika, akasema lakini baba, kuna wauaji kweli wanaachiwa. Wapo, sikatai. Ndo maana kuna Mkurugenzi wa Mashtaka, Jamhuri isiporidhika na Mahakama Kuu inatoa notisi ndani ya siku 30 inaenda Mahakama ya Rufani. Kwa kaka yangu hakuna aliyekata. Katiba yetu ibara ya 107A inasema mwenye kauli ya mwisho kwenye kutoa haki ni Mahakama, haisemi mwenye sauti kubwa kwenye gulio.

Binti akatuambia na ya Marekani, kesi ya polisi Derek Chauvin aliyemuua George Floyd, 2021. Kule viongozi hawakusubiri hata hukumu, mbunge mmoja aliongea kabla, mpaka jaji Peter Cahill akasema mahakamani anatamani viongozi waliochaguliwa waache kuiongelea hii kesi, na akamwambia wakili wa utetezi kwamba maneno yale yanaweza kuja kumpa hoja ya rufaa. Unaona hatari yake? Hata pale ambapo ushahidi ni mzito na dunia nzima imeona video, kiongozi anaweza kumpa mshtakiwa mlango wa kutokea. Kwa bahati rufaa ya Chauvin ilikataliwa.

Tulitofautiana na binti yangu kwenye jambo moja na naliandika kwa sababu alinibadilisha. Mi nilisema viongozi wanyamaze kabisa. Yeye akasema baba hapana, kule Canada mwezi uliofuata, Machi 2018, serikali ilipeleka muswada bungeni wa kufuta ule utaratibu wa kukataa wajumbe bila sababu, ukaanza kutumika Septemba 2019. Hiyo ndo kazi ya kiongozi. Kumpa pole mama aliyefiwa ni sawa, kubadilisha sheria mbovu ni sawa, lakini kusema fulani ni muuaji wakati mahakama imesema siye, hapana. Nikakubali. Yule wa kwetu kwenye gulio angesema polisi wapewe vifaa vya kuchukua alama za vidole, au bibi zetu walindwe, ningempigia makofi mimi wa kwanza.

Umeme ukarudi saa nane, dada akawasha mashine, wote tukahamia dirishani.

Mapungufu yapo na niyaseme. Hana jenereta, umeme ukikatika mnakaa. Karatasi anazotumia ni nyepesi, ukiprinti pande mbili maandishi yanaonekana kwa nyuma, mwambie upande mmoja. Kuna siku tona ilikuwa inaisha kurasa za mwisho zikatoka na mstari mweusi katikati, nilipomwonyesha akarudia bure bila kununa. Kijana wake ana haraka, kubaindi kwa binti alitoboa karibu sana na maandishi ukurasa wa kwanza, ikabidi urudiwe. Na jamani waweke kivuli kingine, benchi ni moja na wazee wanakuja wengi siku za kesi.

Nampa nyota nne kati ya tano, ile moja akinunua jenereta nitampa.

Anafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumamosi mpaka saa nane, Jumapili hafungui. Nenda na namba ya kesi imeandikwa vizuri, hakikisha tarakimu kwa wakili wako kabla. Kama hukumu ni ya Kiingereza muulize kuhusu yule mwalimu, hana bei maalum, mi nilimpelekea kidumu cha asali.