Uzoefu wangu na RustDesk: kuendesha Windows, Mac na Ubuntu kutoka laptopu moja

Kama unahudumia kompyuta za watu walio mbali, na kompyuta zenyewe si za aina moja, RustDesk ndiyo programu ninayokushauri uanze nayo. Nimeitumia muda wa kutosha kujua inapong'aa na inapokwama, na kwa kazi yangu sijaona ya kuifikia.

Mimi niko Morogoro. Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga na anatumia Windows. Rafiki yangu anayetengeneza mabango na kadi za harusi yuko Nairobi, na yeye ni mtu wa Mac. Halafu kuna chumba cha kompyuta cha shule moja huku kwetu, mashine za mtumba tulizoziwekea Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kwa sababu Windows mpya zisingeiweza. Laptopu yangu ni ya Linux, na nikiwa safarini nashika simu ya Android. Kwa hiyo ninapotafuta programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, swali la kwanza ni kama inavuka mifumo yote hiyo bila kunidai chombo tofauti kwa kila mtu.

Nilianza na programu moja maarufu ambayo ni bure kwa matumizi binafsi. Ilikuwa nzuri mpaka ilipoanza kunishuku kwamba nafanya biashara. Kikao kinakatika katikati ya kazi, nami ndiyo kwanza nimefungua faili la hesabu, na dada yuko kwenye simu anauliza, "Mdogo wangu, mbona umeondoka?" Nikahama.

RDP, njia ya Microsoft yenyewe ya kuendesha Windows kwa mbali, ni laini sana hata mtandao ukiwa mchovu, na kutoka Linux unaingia kwa programu ya Remmina bila shida. Kikwazo ni kwamba Windows Home haikubali kuendeshwa kwa RDP, inataka Pro, na laptopu nyingi za dukani huja na Home. Tena poti 3389, yaani mlango wa mtandao ambao RDP inapitia, si ya kuiacha wazi kwenye intaneti. VNC, njia nyingine ya kuendesha kompyuta kwa mbali, iliyozaliwa kwenye maabara ya Olivetti kule Cambridge, Uingereza, inaingia karibu kila mfumo, lakini lazima uweze kuifikia mashine moja kwa moja, na mashine zetu nyingi zinaishi nyuma ya modemu za laini za simu ambazo hazina anwani yake ya kudumu. Chrome Remote Desktop inavuka mifumo yote vizuri; kama unahitaji kumsaidia mzazi mara moja moja, inakutosha. Mimi nilitaka kitu kilicho mikononi mwangu zaidi.

RustDesk ni programu huria, ipo chini ya AGPL, leseni mojawapo ya programu huria, na kama jina linavyodokeza, imeandikwa kwa lugha ya Rust. Kila mashine inapata namba yake na nenosiri. Ukivijua hivyo viwili unaingia. Unaweza kutumia seva zao za umma, lakini raha yake hasa iko kwenye kuweka seva yako mwenyewe. Seva hiyo ina vipande viwili: hbbs, inayozitambua mashine na kuzikutanisha, na hbbr, inayobeba mawasiliano pale mashine mbili zinaposhindwa kufikiana moja kwa moja. Nimeviweka vyote kwenye seva ndogo ya kukodi kwa kutumia Docker, chombo cha kuendeshea programu zikiwa zimefungashwa tayari. Poti za kufungua ni 21115 hadi 21117 za TCP, pamoja na 21116 ya UDP (TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data mtandaoni). Hiyo ya UDP usiisahau, maana ndiyo mashine zinayojisajilia. Seva ikiwaka mara ya kwanza inatengeneza ufunguo unaokaa kwenye faili la id_ed25519.pub, unaunakili, unauweka pamoja na anwani ya seva kwenye mipangilio ya mtandao ya kila mashine, na umemaliza. Tangu siku hiyo hakuna aliyenikata kikao.

Ugumu wa kweli uko upande wa mashine inayoendeshwa, kwa sababu kila mfumo una namna yake ya kumzuia mgeni. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, wakidhani programu ni mbovu.

Mac ndiyo yenye milango mingi. Nilipomwunganisha rafiki yangu mara ya kwanza, niliona picha ya mandhari tu, ziwa na milima, hakuna dirisha hata moja. Namwuliza, "Umefungua nini hapo?" Ananijibu kwamba amefungua bango zima, limejaa skrini. Mac ilikuwa inanionyesha ukuta mtupu kwa sababu RustDesk haikupewa ruhusa ya kurekodi skrini. Tulipoiwasha, madirisha yakatokea, lakini kipanya changu hakikusogeza kitu, kwani hiyo ni ruhusa nyingine kabisa, ya Accessibility. Zote zinakaa kwenye System Settings, sehemu ya Privacy & Security, na lazima aziwashe mwenye mashine, akiwa ameikalia; huwezi kujipa mwenyewe ukiwa mbali. Jambo jingine la Mac: kama FileVault, yaani kufuli la diski la Mac, imewashwa na mashine ikajizima na kuwaka, hutaifikia mpaka mtu aandike nenosiri pale pale, kwa sababu diski bado imefungwa na RustDesk haijaanza kufanya kazi.

Windows ni rahisi, kwa sharti moja. Usiridhike na kulifungua lile faili ulilolipakua, isakinishe kabisa. Ukiiendesha bila kuisakinisha, kila kitu kinaenda vizuri hadi Windows ilete kile kidirisha cha kuomba idhini ya msimamizi. Hapo unabaki unabofya bure, na anayeweza kukubali ni aliyekaa mbele ya kompyuta tu. Ikishasakinishwa inakaa kama huduma ya mfumo, na vidirisha hivyo unavijibu mwenyewe.

Kwenye Ubuntu tatizo linaitwa Wayland, mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini. Ndiyo inayowaka yenyewe kwenye matoleo ya karibuni, na kwa usalama wake haitaki programu ichukue skrini bila aliyepo kukubali. Kwa mashine iliyo mbele ya mtu, sawa. Kwa chumba cha shule kilichofungwa jioni, nani atakubali? Na ukurasa wa kuingilia, kabla mtu hajaandika jina lake, huufikii. Dawa niliyoitumia ni kuchagua "Ubuntu on Xorg", yaani mfumo wa zamani wa skrini, kwenye kile kigurudumu cha chini ya ukurasa wa kuingilia. Baada ya hapo mwalimu ananipigia tu, "Fundi, ile ya dirishani haichapishi," nami naingia.

Kibodi ina visa vyake. Kompyuta ya dada ni ya mtumba kutoka Uingereza na kibodi yake ni ya Kiingereza cha huko. Yangu ni ya Kimarekani. RustDesk ina namna kadhaa za kupeleka herufi. Ukitumia Map, inapeleka mahali pa kitufe, na mashine ya mbali ndiyo inayoamua kitufe hicho ni herufi gani. Basi mimi nabonyeza Shift na 2 kupata @, kule Tanga inatokea alama ya kufungulia nukuu. Kwenye barua pepe utaiona. Kwenye nenosiri huoni kitu ila nukta, na mfumo unakuambia umekosea. Kwa hiyo kabla sijaandika nenosiri lolote kwenye mashine ya mbali, nafungua Notepad, naandika alama zote ninazozihitaji, naangalia zimetoka vipi. Zikitoka vibaya nabadili kwenda Translate, inayopeleka herufi yenyewe. Na kwa Mac kuna chaguo la kubadilishana Control na Command. Liwashe mapema, vidole vyako vitakushukuru kila unaponakili na kubandika.

Bando? Inategemea unafanya nini. Kurekebisha mipangilio na kuhamisha mafaili madogo hakuli sana, kwa sababu skrini isiyobadilika haina mengi ya kupeleka. Video na picha zinazosogea ndizo zinazomaliza MB. Mtandao ukiwa mdogo nachagua ubora unaotanguliza wepesi badala ya uzuri wa picha, na naiacha RustDesk ifiche mandhari ya mezani. Maandishi yanafifia kidogo ila yanasomeka. Kwa kazi ya rangi, kama mabango ya rafiki yangu, sishauri kuamua rangi kupitia picha iliyobanwa hivyo.

Simu yangu inaendesha aina zote tatu za kompyuta vizuri kwa dharura. Android nayo inaweza kuendeshwa, mwenye simu akitoa ruhusa. iPhone inaendesha tu, haiendeshwi.

Kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokusaidia: kompyuta iliyolala au iliyozimika haifikiki. Duka la dada umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ilikuwa inabaki imezima. Tuliingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta yenyewe, tukaiambia iwake yenyewe umeme unaporudi, na kwenye Windows tukazuia isilale ikiwa kwenye umeme. Fanya hivyo siku ile ile unayosakinisha, ukiwa bado upo hapo.

Usalama nauchukulia kwa uzito mkubwa, kwa sababu programu za aina hii ndizo matapeli wanazozitumia. Mtu anapiga simu, anajitambulisha kuwa wa benki, anakuomba upakue programu na umsomee namba. Ukimsomea, umemkabidhi kompyuta na kila kilichomo. Nilikaa na dada nikamwambia wazi: asimsomee mtu yeyote namba ile, hata akisema nimemtuma mimi. Nikihitaji kuingia nampigia kwanza, tunasalimiana, anakubali kwa kubofya mwenyewe. Mashine za shule pekee ndizo zina nenosiri la kudumu, refu, na liko kwa mwalimu mkuu na kwangu.

Kinachonisumbua bado ni Ubuntu. Kuanzia toleo la 25.10 lile chaguo la Xorg limeondolewa kwenye GNOME, yaani sura ya kawaida ya Ubuntu, na ukurasa wa kuingilia kwenye Wayland bado haufikiki kwa RustDesk. Mashine za shule nimeziacha kwenye 24.04, inayohudumiwa hadi 2029, na sizihamishi mpaka hilo lirekebishwe.