Daktari ni mwema, lakini mapokezi yalinivunja moyo

Kila nikianza kuandika haya machozi yananitangulia. Leo nitamaliza.

Tunu nilipewa na wale wanaookota mbwa wa mitaani, mwaka jana, masika yakianza. Mbavu tupu, masikio yamejaa kupe hadi ndani kama mbegu za papai. Siku za mwanzo alijificha chini ya meza, hataki kuguswa. Usiku aliokuja mwenyewe akalaza kidevu juu ya mguu wangu, sikujisogeza mpaka mguu ukafa ganzi.

Kliniki hii ya Nyali ndiyo iliyomponya mara ya kwanza. Ilikuwa homa ya kupe. Daktari alimfunua mdomo nione ufizi ulivyokuwa mweupe, akanieleza kuwa ugonjwa huo hupunguza chembe zinazogandisha damu, ndiyo maana pua ilikuwa ikivuja. Akampa vidonge vya doksisaiklini vya siku 28, akaniambia nisiruke hata siku moja. Sikuruka. Tunu akanenepa, akawa ananisindikiza hadi stejini. Ningeandika wakati ule, ningewapa nyota zote tano.

Majuzi nimeamka alfajiri, damu sakafuni. Pua tena. Mimi nakaa Likoni. Tuktuk tatu zilikataa kumbeba, na siwalaumu: mate ya mbwa ni najisi kwao, na abiria wanasubiri. Ya nne, mzee mmoja alitandika gunia kimya kimya, akasema, "Panda, mwanangu." Kwenye feri nilishuka nimempakata, watu wakanipisha. Mama mmoja wa buibui akaniuliza, "Kiumbe huyu ana nini, masikini?" Hanijui, simjui, na aliuliza.

Kule kliniki hakuuliza mtu. Dada wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu. "Lipa kwanza." M-Pesa yangu ilikuwa imepungua mia sita. Nikamwomba amwite daktari huku nampigia kaka yangu aniongezee. Akanijibu mbele ya watu, "Kwani huyu si koko tu? Wako tele huko nje, utaokota mwengine."

Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima, damu ya Tunu ikinilowesha leso. Sauti ya daktari naisikia nyuma ya mlango. Hakujua kama tupo.

Pesa ilipoingia, Tunu alikuwa ameshalegea. Daktari alitoka mbio, akapiga magoti palepale sakafuni. "Mbona hukuniita?" Hakuniuliza mimi, alimuuliza yule dada. Tunu alikata roho mikononi mwa daktari. Akamfunga kwa shuka safi yeye mwenyewe, akakataa hata shilingi yangu. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu. Labda hata tungeingia mapema asingepona. Na mwenye mbwa mgonjwa Mombasa hana pengi pa kukimbilia, nitamwambiaje asiende kwa daktari kama yule?

Halafu jana nimefungua kadi yake. Nilimtajia yule dada jina mara mbili. Palipoandikwa "Jina la mgonjwa" ameandika: koko, jike.

Nimefuta zile nyota tatu. Nawapa moja, na hiyo ni ya daktari. Usiende pale mpaka wamtoe yule kwenye meza ile.

Kwenye kadi nimelikata lile neno kwa kalamu, nimeandika juu yake: Tunu.