Miezi minne na kinasa sauti Kibirizi: mashine nzima, mbovu nilikuwa mimi

Nilikiagiza kutoka Dar, laki mbili na themanini pamoja na nauli ya basi. Ni kinasa sauti cha mkononi, saizi ya rimoti ya televisheni, chenye maikrofoni mbili kichwani. Nilitaka kurekodi mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, alfajiri wavuvi wa dagaa wanaporudi: injini zikizimwa mojamoja, wachuuzi wakivutana bei, akina mama wakimwaga dagaa kwenye chanja.

Safari ya kwanza sikukuta hata boti moja. Mwalo kimya, mzee mmoja tu anashona wavu.

"Shikamoo mzee. Leo hawajarudi?"

"Marahaba. Warudi kutoka wapi, mwanangu? Huoni mbalamwezi hiyo?"

Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, wavuvi hupumzika. Mimi mzaliwa wa Mwanga ya hapahapa Kigoma, na nilikuwa nimesahau.

Safari ya pili boti zilikuwepo. Nikashika mashine dakika arobaini mpaka mkono ukafa ganzi, nikarudi nyumbani kusikiliza: hakuna faili. Kumbe ukibonyeza kitufe chekundu mara moja, taa inawaka na kuzima tu, yaani mashine inasubiri. Ubonyeze tena ndipo itulie na kurekodi. Saa ya kwenye kioo ilikuwa sifuri muda wote, ila nani aliitazama? Hapa nawalaumu na watengenezaji kidogo.

Safari ya tatu nikapata faili, ndani yake upepo. Buu, buu, buu, kama mtu anakung'uta turubai. Na asubuhi ile mwenyewe ningeapa kwamba hapakuwa na upepo! Kile kisponji cheusi kinachokuja na mashine kinazuia pumzi ya mtu anayeongea chumbani. Ziwani ni kukinga mvua kwa chandarua. Kinachotakiwa ni kofia ya manyoya marefu, yanayouvunja upepo kabla haujagonga maikrofoni. Fundi cherehani alinikatia kutoka blanketi bovu la mtoto, elfu tatu, akauliza kama namshonea panya koti. Nikawasha na swichi ya kukata besi, ule mngurumo uliobaki ukapungua sana.

Lakini kosa lililonichelewesha kuliko yote ni kurekodi bila hedifoni. Sikio lako linachagua. Ukiwa mwaloni unamsikiliza mama anayetaja bei, na jenereta lililo nyuma yako unalisahau kabisa. Mashine haisahau. Siku niliyovaa hedifoni kwa mara ya kwanza nilisikia kucha yangu ikikwaruza plastiki, mkono wa koti langu, na ile titititi ya simu mfukoni kabla haijaita. Sasa simu naizima, na mashine inakaa kwenye kijiti cha miguu mitatu, hatua moja tu kutoka kwenye chanja. Dagaa wabichi wakimwagwa pale wanatoa sauti kama mvua ya ghafla kwenye majani ya mgomba. Kutoka mbali sauti hiyo huipati hata uongeze nguvu ya kunasa namna gani.

Nguvu yenyewe usiiachie mashine ijipangie. Kukiwa kimya inapandisha mpaka unasikia mvumo mtupu, boti ikipita inashusha ghafla, na sauti zote zinakuwa kama zinapumua. Mimi napanga kwa mkono, vilele, yaani sauti kubwa kabisa, viishie kama desibeli 12 chini ya sifuri, maana sifuri ndiyo mwisho wa mashine. Sauti ikishapasuka, imepasuka. Ya chini kidogo unaweza kuiinua baadaye, hasa ukirekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya biti 24. Kwa kilohezi 48, stereo, inakula kama megabaiti 17 kwa dakika, yaani GB 1 hivi kwa saa, kwa hiyo nunua memori kadi ya maana.

Betri? Nabeba mbili za akiba, basi.

Nakipa nyota nne. Ya tano imekwenda na ile taa.

Juzi nilimvalisha mzee wa nyavu hedifoni asikilize boti za alfajiri ile. Akafumba macho, kimya muda mrefu, mimi nasubiri sifa. Akazivua.

"Ile ya tatu kuingia," akasema, "mwambie mwenyewe abadilishe plagi."