Uzoefu wangu wa kuomba chuo Ujerumani: kwanza kwa wakala wa Arusha, kisha mwenyewe nikiwa Moshi

Ofisi ya wakala niliyoanza nayo iko Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Sitaitaja jina, kwa sababu wafanyakazi wake walinipokea kwa heshima kila nilipofika, na lengo langu ni kueleza aina ya huduma inayotolewa na ofisi nyingi za namna ile. Nilikwenda pale mwezi Septemba nikiwa na shahada ya kilimo kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, miaka minne ya kazi na wakulima wa kahawa wa Kibosho, na nia ya kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi. Nililipa shilingi 100,000 ya kufungua faili, nikaambiwa kwamba baada ya hapo huduma yote ni bure.

Neno hilo la bure linahitaji kueleweka vizuri na kila mzazi anayempeleka mtoto wake kwa wakala. Ofisi hizi kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo pale mwanafunzi anapojisajili na kulipa ada. Hakuna ubaya katika hilo, lakini maana yake ni kwamba orodha ya vyuo unayowekewa mezani ni orodha ya vyuo vyenye mkataba na ofisi hiyo. Mimi niliwekewa vyuo sita vya Uingereza na viwili vya Malaysia. Nilipouliza kuhusu Ujerumani, ambako vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, nilijibiwa kwamba huko ni kugumu na kwamba lazima nijue Kijerumani. Jibu hilo halikuwa sahihi. Zipo programu za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, zikiwemo za kilimo cha nchi za joto.

Kwa upande wa Uingereza, maelezo yao yalikuwa ya uhakika. Walinifundisha kwamba fedha za kujikimu lazima zikae kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kupungua, kwamba mwombaji anayeishi Tanzania hupimwa kifua kikuu kabla ya kuomba viza ya masomo, na kwamba majibu ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, hudumu miaka miwili tu. Walinipa pia karatasi yenye orodha ya nyaraka zote, iliyopangwa vizuri kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuiona.

Kilichonivunja moyo ni barua ya kujieleza. Waliniandikia wao, wakanitumia ili niidhinishe, nami nikaisoma usiku nikiwa nyumbani Moshi. Aya ya kwanza ilisema kwamba tangu utotoni nimevutiwa na uongozi wa biashara. Aya ya tatu ilitaja kwa jina chuo ambacho sikukiomba. Hapakuwa na neno kahawa mahali popote. Barua ile ilikuwa ya mtu mwingine, na bila shaka ilikwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa kabla yangu. Niliumia kwa sababu barua hiyo ndiyo sehemu pekee ya maombi ambamo mwombaji anasikika kwa sauti yake, na walimu wanaoamua nani apewe nafasi huisoma. Asubuhi nilipiga simu, nikaomba faili lisimamishwe. Hawakubisha.

Nilikaa wiki mbili nikiandika ya kwangu. Nilieleza kihamba cha bibi, yaani shamba lake la nyumbani, jinsi ugonjwa wa chulebuni ulivyokausha matunda ya mibuni ya zamani msimu baada ya msimu, na jinsi wakulima wengine walivyositasita kupanda miche bora inayotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu, ingawa inavumilia ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Kusitasita huko ndilo jambo nililotaka kwenda kulisomea. Barua ilijaa ukurasa mmoja na nusu, na kila sentensi niliweza kuitetea.

Maombi yenyewe niliyapitisha kwa sehemu kubwa katika uni-assist, taasisi inayokagua vyeti vya waombaji wa kimataifa kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani. Ombi la kwanza hulipiwa euro 75, na kila ombi la ziada katika muhula huohuo euro 30. Nilituma matatu, hivyo nililipa euro 135 kwa kadi ya benki, baada ya benki kuifungulia malipo ya mtandaoni. Ombi la nne nililituma moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo husika. Vyeti vyetu vya kidato cha nne, cha sita na vya chuo viko kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna gharama ya tafsiri. Uni-assist wenyewe wanashauri kutuma maombi wiki 8 kabla ya mwisho wa kupokea, na ushauri huo uchukuliwe kama amri. Mimi niliufuata, na ndiyo sababu nilipata muda wa kurekebisha suala la majina.

Cheti changu cha kidato cha nne kina majina matatu kamili. Cheti cha shahada kina herufi moja tu katikati. Pasipoti ina jina la ukoo lililoandikwa kwa tahajia iliyozidi herufi moja. Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza, lakini mkaguzi aliye mbali hana namna ya kujua kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Niliapa kiapo cha majina mbele ya wakili mjini Moshi, nikakiskani na kukipakia pamoja na vyeti. Anayefikiria kuomba alinganishe majina yake herufi kwa herufi kabla hata ya kulipia pasipoti.

Jambo jingine nililotamani niambiwe mapema ni la alama. Wajerumani huhesabu kinyume chetu: 1.0 ndiyo bora, na 4.0 ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu. Kwa GPA zetu, yaani wastani wa alama za chuo, zenye kilele cha 5.0 na kiwango cha kufaulu cha 2.0, kanuni yao inarahisika: unatoa GPA yako kwenye 6. Mimi nilikuwa na 3.8, ikawa 2.2. Programu mbili kati ya nilizochagua zilitaka 2.5 au bora zaidi, maana yake GPA isiyopungua 3.5. Hesabu hii ya dakika moja ingetosha kunionyesha pa kuomba na pa kuacha.

Fedha ndiyo mlima wenyewe. Kwa viza, mwombaji asiye na ufadhili au mdhamini anayekubalika hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, na wakati wangu kiwango kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, katika akaunti maalumu inayozuia fedha hizo na kumtolea mwanafunzi euro 992 kila mwezi akishafika. Ni zaidi ya shilingi milioni 30. Nililipeleka suala hilo kwenye kikao cha familia cha Desemba, wakati ndugu wote wamepanda kuja nyumbani. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, umetuambia chuo ni bure. Sasa hizi milioni thelathini ni za nani?"

"Ni zangu mwenyewe, Baba," nilimjibu. "Chuo hakizigusi. Ndizo kodi ya chumba, chakula na bima ya afya."

Swali lake lilikuwa la haki, na lilinilazimu kueleza pia kwamba si kila mahali ni bure: jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na kwa sababu hiyo nililiondoa kwenye orodha. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye akiba yangu ya SACCOS, iliyobaki ikachangwa na ndugu kwa maandishi, kila mmoja na kiasi chake na tarehe yake ya kurudishiwa.

Vyuo viwili vilinikataa, kimoja hakijajibu hadi leo, na kimoja kilinipa nafasi mwezi Juni. Viza niliiomba katika ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, na ilitoka kwa wakati wa kuwahi muhula wa Oktoba.

Mfumo wa uni-assist naupa nyota nne kati ya tano; nyota moja inapungua kwa kuwa maelezo yake yametawanyika na mgeni huchukua siku kadhaa kuyaunganisha. Ofisi ya Arusha naipa mbili. Mzazi mwenye uwezo wa ada ya Uingereza anaweza kuitumia, mradi aulize tangu siku ya kwanza ni vyuo vipi vinavyoilipa kamisheni, na mwanafunzi aandike barua yake mwenyewe. Ile shilingi 100,000 ya faili haikurudishwa, nami sikuidai, kwa sababu karatasi yao ya orodha ya nyaraka ndiyo niliyoitumia kujikagua hadi siku niliyoingia ubalozini.